Uso Kwenye Ukuta wa Baraza

Wanafunzi wangu wa zamani wakikutana nami mjini Mbulu huniuliza kwa nini niliacha kufundisha kuchora nikaishia kwenye hesabu, somo ambalo hata mimi mwenyewe silipendi. Huwajibu kwamba macho yalichoka. Huo ni uongo. Macho yangu ni mazima hadi leo. Naona mbuzi ng'ambo ya bonde na kukwambia ni wa nani. Niliacha kuchora kwa sababu ya tangazo moja nililolitengeneza mwaka 1955, na sasa nalisimulia kwa kuwa wengi waliolijua wamekwisha kufa na zamu yangu imekaribia.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu mgeni katika shule ya kati ya bweni huko milimani, mwendo wa nusu saa kutoka bomani. Mwalimu mkuu wetu aliitwa Gervasi, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, aliyependa sherehe kama nzi anavyopenda maziwa. Kila mwaka aliandaa Siku ya Ngoma: watoto wa Kiiraqw wacheze za kwao, wa Kibarbaig za kwao, na wale wachache waliotoka upande wa Singida nao wasikose. Jambo zuri, sikatai. Shida ilikuwa moja, wazazi hawakuja. Mwaka uliotangulia walikuja watu sita, na wawili kati yao walikuwa wanatafuta ndama aliyepotea.

Basi Gervasi aliniita ofisini kwake akaniambia kwamba mwaka ule aibu ile isijirudie. Alitaka matangazo kumi na mawili, yapigiliwe kila penye baraza na mnada, kuanzia Mbulu na Dongobesh hadi Katesh, Gehandu na Balangdalalu. Chini kabisa yaandikwe, "Mcheza kwao hutunzwa." Alitaka pia ngoma ichorwe, na watu wengi, na mlima Hanang, na jina lake lisisahaulike. Nikasema ndiyo mwalimu mkuu, nikatoka nikiwa nimevimba kichwa, maana katika shule nzima mimi peke yangu nilikuwa na mkono wa kuchora, na nilijua hivyo.

La kwanza nililichora kama alivyotaka. Lilijaa watu, ngoma, mlima na maneno, hata pa kupumulia hapakuwapo. Nilikwenda nalo mnada wa Dongobesh, nikaomba kulitundika ukutani kwa Halfani, mwenye duka la nguo na chumvi, nikakaa ndani kwake nikilitazama kama mtu aliyetega mtego. Asubuhi nzima watu walipita. Mzee mmoja alisimama mbele yake, nikafurahi, kumbe alikuwa anatafuta ukuta wa kuegemea.

Halfani alicheka mpaka akafuta machozi. Akaniambia chema chajiuza, kibaya chajitembeza, halafu akaninyooshea kidole ng'ambo ya uwanja. Kwenye ukuta wa baraza palikuwa na karatasi moja, na mbele yake watu walikuwa wamesongamana, wengine wakinyanyua watoto ili nao waone. Nikavuka nikaenda kutazama.

Lilikuwa tangazo la serikali. Wakati wa likizo ya mwezi wa sita mchunga ng'ombe mmoja alikuwa ameuawa kwa mkuki upande wa Gehandu. Ilisemekana waliomuua walikuwa wawili. Mmoja alijulikana na alikuwa ametoroka, naye ndiye yule pale kwenye karatasi: picha ya uso wake katikati, mstari mnene mweusi pande zote nne, kichwa cha habari kwa wino mwekundu, na maneno machache chini. Wa pili hakuwa amejulikana. Karatasi kama ile ilikuwa imepigiliwa kwenye kila baraza la wilaya. Wengi pale walikuwa hawajapata kuona uso wa mtu juu ya karatasi, na hawakubanduka.

Mimi sikumtazama yule mtu. Naona haya kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilitazama mstari mweusi una unene gani. Nilitazama uso umechukua sehemu gani ya karatasi, na wino mwekundu umekaa wapi. Nikajiambia, Nikolausi, huyu aliyetengeneza hii anajua kazi. Nikarudi shuleni nikiwa na jibu langu, na wala sikuona kosa ndani yake. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Nilihitaji uso. Nikamchagua Gidamis, mwanafunzi wa darasa la saba, Mbarbaig wa Balangdalalu, mrefu, mkimya, ambaye akiruka kwenye ngoma ya kwao ungedhani ardhi imemsukuma. Kuzunguka macho yake alikuwa na zile alama za nukta wanazochanjwa watu wa kwao, na zake zilikuwa zimepangika vizuri ajabu. Alikaa mbele yangu kwenye kiti cha darasani mchana kutwa bila kulalamika. Nilipokuwa namalizia macho aliniuliza jambo moja tu, kama baba yake ataiona.

Nilijua kwa nini aliuliza. Baba yake, mzee Gidahosh, hakutaka shule. Chifu aliamuru kila boma litoe mtoto mmoja, naye akamtoa Gidamis kama mtu anayetoa ng'ombe wa faini. Tangu siku hiyo, miaka mitatu, hakukanyaga shuleni. Wakati wa likizo kijana alirudi nyumbani akachunga ng'ombe, na mazungumzo yao yalikuwa ya malisho na maji. Gidamis hakutaka kitu kingine duniani ila baba yake aje amwone akicheza, aone kwamba shule haikumla.

Nikamwambia, "Ataiona. Nitahakikisha anaiona."

Nilichora kumi na mawili. Ule mchoro wa kwanza wa uso wake niliubandika kwenye kioo cha dirisha, juu yake nikaweka karatasi nyeupe, nikafuatisha mistari kwa mwanga wa jua. Mweusi nilitumia masizi ya taa, mwekundu nikatumia wino wa kusahihishia madaftari. Uso katikati. Mstari mnene pande zote nne. Juu kwa wino mwekundu, SIKU YA NGOMA. Maneno mengine niliyafinya chini kwa herufi ndogo, kwa sababu niliona yanaharibu uso. Gervasi alinuna kidogo kwa kukosa mlima wake, lakini alipoutazama uso alisema ni Gidamis mtupu, amebaki kupumua tu. Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima.

Tomaso, tarishi aliyekuwa akipeleka barua za serikali upande wa Hanang, alikubali kuyachukua. Nilimsindikiza hadi njia panda, na nilimpa agizo ambalo hakuna aliyeniomba nilitoe. Nilimwambia la Balangdalalu alipigilie kando kabisa ya lile tangazo la mtu anayetafutwa, maana pale ndipo watu wanaposimama. Akafanya hivyo. Tomaso alikuwa mtu wa kutimiza maagizo.

Siku ya Ngoma ilifika, Jumamosi. Walikuja watu zaidi ya mia mbili! Walikuja wanawake wa Kiiraqw na watoto mgongoni, Halfani alikuja na mkewe Mwanaamina kwenye lori la mahindi, mpaka karani wa boma alikuja amevaa tai. Gervasi alizunguka akisalimia kama bwana harusi. Nilisimama kando ya uwanja nikihesabu vichwa na kujipongeza kimoyomoyo.

Zamu ya Wabarbaig ilipofika, Gidamis aliruka kuliko siku zote. Lakini kila alipotua aligeuza uso, akatazama umati, akaruka tena, akatazama upande mwingine. Sherehe ilipokwisha alikuja akaniuliza, "Mwalimu, una hakika lilifika Balangdalalu?" Nikamwambia pengine mzee amezuiwa na ng'ombe. Akaitikia, akaenda kuvua ngozi za ngoma.

Siku kumi baadaye Tomaso alirudi kutoka tarafani, akaniita nje ya darasa. Hakunitazama usoni. Alisema la Balangdalalu halipo tena ukutani; mzee Gidahosh amelibandua na kuondoka nalo. Kisha akanieleza alivyosikia kwa watu wa kule, na mimi nikakaa chini kwenye majani, mbele ya watoto, nikiwa na chaki mkononi.

Mzee alikuwa amekwenda Balangdalalu kutafuta chumvi. Karani wa baraza alikuwa ameitwa Katesh, na katika watu waliokuwapo hakuna aliyejua kusoma. Waliona nyuso mbili ukutani, zote zimezungushiwa mweusi, zote zina wekundu juu. Ya kwanza waliijua, ni ya muuaji. Waliouawa nao walisemekana kuwa wawili, nisamehe, waliomuua walisemekana kuwa wawili. Hata leo ulimi wangu unateleza hapo. Na uso wa pili ulikuwa wa mtoto wa Gidahosh, kwa nukta zake zote, hapakuwa na wa kubisha. Mzee alisimama mbele ya ukuta muda mrefu. Wakati mtu yule anauawa Gidamis alikuwa likizo, alikuwa na ng'ombe mbali na nyumbani siku tano. Baba yake hakuwa na namna ya kujua alilala wapi.

Aliing'oa misumari kwa vidole, akaikunja karatasi mara nne, akaiweka ndani ya shuka. Ndugu zake walimfuata wakamuuliza anakwenda wapi. Aliwaambia kwamba serikali inatafuta mtu mmoja zaidi, na mtu mmoja zaidi itampata.

Akaja Mbulu kwa miguu, siku tatu. Alifika bomani asubuhi ya Jumamosi ileile. Askari waliokuwa zamu walinisimulia baadaye kwamba alikaa kwenye ngazi akisubiri mtu wa kumsikiliza, na ngoma zetu zilikuwa zinasikika ng'ambo ya bonde. Aliwauliza kama kuna harusi. Wakamwambia ni watoto wa shule wanacheza. Akasikiliza. Alipoitwa ndani alisema mtu wa pili ni yeye, alimchoma mkuki mwenyewe, wala hakuna kijana yeyote aliyehusika. Karani alipotoka shuleni kwetu, na tai yake, alikwenda moja kwa moja kuyaandika maneno hayo. Mzee akaweka dole gumba. Jumatatu lori likamchukua hadi mji wenye mahakama kubwa, siku nzima ya safari.

Gervasi, nimpe haki yake, hakupiga kelele siku hiyo. Alitupa ruhusa na barua yenye muhuri, na mimi na Gidamis tukapanda lori la ngano. Njia nzima nilitaka kijana anitukane. Alinigawia mahindi yake ya kuchoma.

Tulikutana na mzee gerezani, sisi upande huu wa wavu na yeye upande ule. Alikuwa mrefu kama mwanawe, nukta zilezile kuzunguka macho, na kikohozi alichokuwa anakificha kwa kufunga mdomo. Alipomwona Gidamis alirudi nyuma hatua moja. Alidhani wamemkamata naye, kwamba safari yake yote ilikuwa bure. Gidamis akaanza kusema kwa Kibarbaig, haraka haraka, akigeuka huku na huku kuonyesha kwamba hana pingu, hana askari, ana mwalimu tu. Mimi Mwiraqw sikuelewa maneno. Nilimwamkia mzee shikamoo kwa Kiswahili, nikasimama nimeshika kofia.

Mzee akaitoa karatasi ndani ya nguo, akaikunjua, akaibana kwenye wavu. Gidamis akaweka kidole kwenye maneno yale madogo ya chini, akamsomea moja moja. Nikaona uso wa mzee ukielewa. Aliniangalia mimi sasa, akauliza jambo.

Nikamwambia atafsiri.

"Anauliza ni wewe uliyechora."

"Mwambie ni mimi."

Mzee akasema tena. "Anasema umenichora vizuri. Anasema alinijua kutoka mbali, kabla hajafika ukutani."

Heri angenitemea mate. Nilianza kulia pale pale, mtu mzima na suti ya kuazima. Mzee alinisubiri nimalize, kwa adabu, halafu akauliza la mwisho, na mwanawe akalitafsiri huku ametazama chini. "Anauliza, kama ilikuwa ya ngoma, kwa nini uliifanya kama ya polisi?"

Nimekuwa na miaka mingi ya kutafuta jibu la swali hilo, na sijapata lililo bora kuliko nililompa siku ile, ambalo ndilo ukweli wenyewe. Nilisema, "Nilitaka watu wasimame."

Gidamis akamwambia. Mzee akatikisa kichwa polepole.

"Anasema alisimama."

Aliyafuta maneno yake siku hiyohiyo mbele ya ofisa. Ofisa alikuwa mtu wa haki, aliandika yote na kuipokea barua ya Gervasi, lakini alisema mtu akikiri kuua hafunguliwi kwa kusema sikuua. Lazima jaji asikilize, na jaji atakuja baada ya miezi miwili. Tukarudi Mbulu na matumaini. Nilichora hata ramani ya njia ya malisho ya Gidamis, siku kwa siku, nikaituma. Ndugu za mzee walikubali kwenda kutoa ushahidi. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mapafu ya mzee. Mtu aliyelala maisha yake yote kwenye upepo wa uwanda, akanywa maziwa, hakuzoea sakafu ya saruji. Katika wiki ya tano barua ilikuja kwamba amefariki kwa homa ya mapafu na serikali imekwisha kumzika.

Lazima nieleze neno hilo, kumzika, lilikuwa na maana gani kwao. Mzee kama Gidahosh, mwenye ng'ombe na watoto na jina, hafukiwi tu. Hujengewa bung'eda, kaburi la kilima, likapandishwa udongo na miti kwa miezi. Koo zote huja, majirani huja, mpaka watu waliogombana naye huja, na huimbwa, na mwisho wake huwa siku kubwa kuliko sherehe yoyote aliyowahi kuiota Gervasi. Yeye alikuwa ardhini katika mji wa wageni, chini ya kijiti chenye namba. Wazee wa ukoo walikaa siku mbili wakijadili, wakaamua kwamba kilima hakijengwi mahali pasipo na mtu.

Gereza lilituma vitu vyake kupitia boma: shuka moja, fimbo, kibuyu kidogo cha tumbaku, na karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliomba ruhusa ya kumsindikiza Gidamis kuvipeleka. Gervasi alisema si lazima niende, wanaweza kunidhuru. Nilikwenda kwa sababu hiyo pia.

Hakuna aliyenigusa. Walinipa kigoda na maziwa, jambo ambalo lilinichoma kuliko mkuki. Mama yake Gidamis alikuwa amekaa kwenye ngozi, amenyolewa, amevua bangili zake zote. Alipokea shuka akaliweka mapajani. Alipokea fimbo na kibuyu. Alipofika kwenye karatasi aliikunjua, akautazama uso wa mwanawe, na wazee waliokuwa wamekaa pembeni wakasogea kutazama. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo, na masizi yalikuwa yamepaka mashavu.

Alisema kitu. Gidamis akaniambia mama anataka kujua karatasi inasema nini hasa, maana watu wote wanaizungumzia na hakuna aliyemwambia maneno yake.

Nilinyoosha mkono niisome mimi. Niliona ni adhabu yangu. Mama akakataa kwa kichwa, akampa mwanawe.

Gidamis akasimama wima, kama tulivyomfundisha kusimama darasani, akaisoma kwanza kwa Kiswahili, kwa sauti ileile ya kusomea, kisha akaigeuza kwa lugha yao. "Siku ya Ngoma. Jumamosi, saa nne asubuhi. Wazazi wote mnakaribishwa. Wazee wetu, msikae mbali. Njoni mwone watoto wenu wanavyocheza. Mcheza kwao hutunzwa."

Yote ni maneno yangu. Niliyaandika kwa dakika kumi, nikayafinya chini ili yasiharibu uso.

Ng'ombe walikuwa wanarudi, tukasikia kengele zao. Halafu mama akauliza swali fupi, na Gidamis akamjibu kwa neno moja. Akasema tena jambo, taratibu, akilisawazisha shuka mapajani. Nilimuuliza Gidamis mama amesema nini.

"Ameuliza kama karatasi hii ilikuwa inamwita baba. Nimemwambia ndiyo." Akapangusa pua kwa kiganja. "Amesema, basi aliitika."

Gidamis hakurudi shuleni, na mimi sikumwomba. Aliniaga kwenye ua wa miiba kwa heshima zote za mwanafunzi kwa mwalimu wake, akaikunja karatasi kwa mikunjo ileile ya baba yake, akaiweka ndani ya shuka, akaenda kuwafungia ng'ombe.